Chumvi, Lebo na Mkaguzi: Udhibiti wa Chumvi ya Madini Joto katika Kivu

Sheria zinazokataza kughushi vyakula zina umri mkubwa nchini Kongo kuliko inavyodhaniwa. Amri ya tarehe 26 Julai 1910 kuhusu utengenezaji na biashara ya vyakula ilitolewa kabla haijatimia miaka miwili tangu Ubelgiji iitwae nchi kutoka kwa Mfalme Leopold II, na kanuni za kuitekeleza zikafuata tarehe 17 Oktoba 1911. Sheria za namna hiyo zilizaliwa katika fikra iliyotawala Ulaya ya wakati ule: yupo muuzaji atiaye maji katika maziwa na chokaa katika unga, na wajibu wa serikali ni kumnasa. Kosa ni udanganyifu. Mkosaji ni mtu mwenye nia mbaya. Ushahidi ni kitu kilichopunguzwa au kitu kigeni kilichoongezwa ndani ya chakula.

Historia ya chumvi katika Kivu inaitia fikra hiyo katika mtihani. Katikati ya miaka ya tisini baadhi ya wakazi wa Kivu waliugua kutokana na chumvi ambayo haikuhitaji mtu wa kuighushi ili iwadhuru. Ilisemekana kuwa ina iodini, nayo iodini ilikuwamo, tena kupita kiasi. Ukaguzi ulikuwa umeelekezwa kwenye upungufu. Ziada ikapita bila kuulizwa. Makala haya yanafuata safari ya chumvi hiyo, tangu wakati ilipopimwa kwa ulimi hadi ilipopimwa kwa kitone cha dawa, na yanaitazama hasa kutoka upande wa mlaji aliye mwisho wa njia, yaani mtu wa Shabunda.

Shabunda ni teritwari (kama eneo la utawala liitwavyo huko) iliyo kubwa kuliko zote za Kivu ya Kusini. Ina zaidi ya kilomita za mraba 25,000, ambazo ni zaidi ya theluthi moja ya jimbo zima. Ni nchi ya Walega, nchi ya msitu na ya mto Ulindi. Kutoka Bukavu ni mwendo wa zaidi ya kilomita 300, kwa barabara ambayo kwa miongo mingi imeonekana vizuri zaidi katika ramani kuliko ardhini. Kwa sababu hiyo chumvi, sabuni, mafuta na vitu vingine vya dukani vilikuwa vikifika huko kwa ndege ndogo zilizoruka kutoka uwanja wa Kavumu, karibu na Bukavu, nazo zikarudi na madini. Kila kilo ya chumvi ililipiwa nauli ya angani. Hili lina maana kwa mjadala unaofuata, kwani bidhaa iliyolipiwa nauli ya namna hiyo hairudishwi ilikotoka kwa sababu mtu fulani amekuta dosari ndani yake.

Chumvi kabla ya lebo

Katika msitu wa Kongo chumvi ya kale ilikuwa ya majivu. Mimea, hasa ile iotayo majini na penye unyevu, ilichomwa, majivu yakachujwa kwa maji, na maji hayo yakachemshwa hadi yakabaki mabonge. Chumvi ya namna hii ina potasiamu nyingi kuliko sodiamu, na ladha yake ina ukali fulani ambao wazee waliozoea hawakuuhesabu kuwa ni kasoro. Mashariki ya msitu palikuwa na chumvi ya aina nyingine. Katwe, ziwa dogo la chumvi karibu na Ziwa Edward katika Uganda ya leo, lililisha masoko ya pande zote, Kongo ikiwamo. Umuhimu wake ulikuwa mkubwa kiasi kwamba Kapteni Lugard alipofika huko mwaka 1891 alijenga ngome kando yake. Kusini, chemchemi za Uvinza, katika Tanzania magharibi, zilitoa chumvi iliyovuka Ziwa Tanganyika. Burton na Speke walipita huko mwaka 1858 wakakuta kazi hiyo imeshamiri, nao uchimbuzi wa kiakiolojia uliofanywa na Sutton na Roberts katika miaka ya sitini ulionyesha kwamba chumvi ilichemshwa Uvinza kwa zaidi ya miaka elfu moja.

Chumvi ya zama hizo nayo ilifungashwa, kwa majani na kwa nyasi. Ila kifungashio hakikusema neno. Mnunuzi alifungua, akaonja, akatazama weupe na mchanga, akapima uzito kwa mkono. Ukaguzi wote ulikuwa katika mwili wa mnunuzi mwenyewe, naye alikuwa na sababu ya kuufanya vizuri, kwa kuwa chumvi ilikuwa mali na katika sehemu nyingi ilitumika kama fedha. Dola Huru ya Kongo iliitumia pia chumvi kuwa malipo, na wanavijiji waliolazimishwa kuleta mpira mara nyingi walipewa chumvi kidogo kuwa ndiyo ujira. Wakati huo aliyepima alikuwa serikali au kampuni yenye bunduki. Ulimi wa mpokeaji uliweza kujua kama chumvi ni safi, lakini haukuwa na la kusema juu ya kipimo.

Iodini ilibadilisha kabisa uhusiano huu wa mnunuzi na chumvi yake. Haina ladha inayosikika katika viwango vya chakula, haina rangi, haina harufu. Mtu hawezi kuionja. Tangu ilipotiwa katika chumvi, mlaji alilazimika kuamini maandishi, na maandishi yakalazimika kuwa na mtu wa kuyathibitisha.

Kisiwa cha Idjwi

Sababu ya kutia iodini katika chumvi ilichunguzwa, kwa sehemu kubwa, katika Kivu yenyewe. Rovu, yaani uvimbe wa tezi ya thairoidi shingoni, ulikuwa ugonjwa wa kawaida katika sehemu nyingi za Kongo ya bara. Katika kisiwa cha Idjwi, kilicho ndani ya Ziwa Kivu, madaktari wa Kibelgiji walikuta jambo la ajabu. Kaskazini mwa kisiwa rovu lilienea kiasi cha kuwa jambo la kila nyumba. Kusini-magharibi lilikuwa nadra. Hata hivyo watu wa pande zote mbili walikuwa na upungufu wa iodini unaolingana. Delange, Thilly na Ermans walichapisha matokeo hayo mwaka 1968, na miaka mitatu baadaye Delange na Ermans wakaeleza tofauti hiyo kwa chakula. Muhogo ukiliwa kwa wingi na bila kutayarishwa vya kutosha huzalisha mwilini thiosianati, ambayo huizuia tezi kuipata iodini. Upungufu wa iodini ulikuwa kila mahali. Muhogo ndio uliougeuza kuwa uvimbe.

Uchunguzi huu, ambao kituo cha utafiti cha Lwiro kilicho kaskazini ya Bukavu kina nafasi katika historia yake, unatajwa mpaka leo katika vitabu vya tiba duniani. Kwa jamii zilazo ugali wa muhogo na sombe, na Walega wamo, ulikuwa na maana ya moja kwa moja. Uvimbe wa shingo ulikuwa dalili iliyoonekana tu. Nyuma yake palikuwa na mimba zilizoharibika, watoto waliozaliwa viziwi na bubu, na watoto ambao akili na kimo havikukua. Haya ndiyo yaliyofanya chumvi ya iodini isiwe anasa ya wataalamu.

Mbinu ya kwanza iliyotumika Idjwi, na baadaye Ubangi, ilikuwa sindano ya mafuta yenye iodini. Sindano moja ilitosha kwa miaka kadhaa. Lakini sindano inahitaji mtu, gari, barafu ya siasa tulivu na fedha za wafadhili. Chumvi yajiendea yenyewe na wafanyabiashara. Mkutano wa viongozi wa dunia kuhusu watoto, uliofanyika New York mwezi Septemba 1990, uliweka lengo la kuumaliza upungufu wa iodini ifikapo mwaka 2000, na kufikia 1994 mashirika ya Umoja wa Mataifa yalikuwa yameamua kuwa njia kuu iwe chumvi yote, ya watu na ya mifugo. Zaire, ambayo chumvi yake karibu yote ilitoka nje, ilikuwa na faida moja kubwa: palipo na chumvi ya kigeni pana mpaka, na palipo na mpaka pana mkaguzi.

Mkaguzi wa mpakani

Mkaguzi huyo alikwishakuwapo. Ofisi ya Ukaguzi ya Zaire, iliyojulikana kwa kifupi kama OZAC, iliundwa kwa sheria namba 74-013 ya tarehe 10 Januari 1974, majuma machache baada ya Rais Mobutu kutangaza biashara za wageni kuwa mali ya Wazaire. Baada ya nchi kurudia jina la Kongo mwaka 1997 ofisi hiyo iliitwa OCC. Kazi yake ni kuhakiki ubora, kiasi na bei ya bidhaa ziingiazo na zitokazo, nayo hulipwa ada kutokana na bidhaa hizo hizo. Mpangilio huu una matokeo yake. Ofisi iliyojengwa juu ya ada ya mpakani huwa na nguvu pale penye lori na hati, na hudhoofika kadiri bidhaa isogeavyo ndani ya nchi, ambako hakuna hati mpya ya kutoza.

Aidha, mkaguzi hakuwa peke yake mpakani. Wingi wa ofisi zilizodai haki ya kusimama kwenye kizuizi ulikuwa kero iliyofika mpaka Kinshasa, na amri namba 036/2002 ya tarehe 28 Machi 2002 ikaziruhusu nne tu: forodha, OCC, uhamiaji na afya ya mipakani. Amri hiyo ilitolewa wakati serikali iliyoitoa haikuwa na mpaka hata mmoja wa Kivu mikononi mwake. Tangu 1998 mipaka ya mashariki ilishikwa na waasi wa RCD. Mtafiti wa sheria za Kongo hukutana mara kwa mara na hali hii, ya maandishi kutangulia utawala kwa miaka kadhaa, na ni kosa kuyadharau maandishi kwa sababu hiyo. Amri ya 2002 ilipata mahali pa kutumika baadaye.

Chumvi ya Kivu ilitoka hasa mashariki. Kenya ina viwanda vya chumvi ya bahari katika pwani ya kaskazini ya Malindi, na historia yake ya sheria ni ndefu kuliko ya jirani zake wengi. Chini ya Sheria ya Vyakula, Dawa na Kemikali, Sura ya 254, iodini katika chumvi ilifanywa lazima mwaka 1978. Kiwango cha kwanza kilikuwa miligramu 20 za iodini kwa kilo. Mwaka 1988 kikapandishwa hadi miligramu 100. Kupandisha huko hakukuwa ujinga. Iodini hupotea katika unyevu na joto, na watunga viwango wa wakati ule walikadiria kwamba sehemu kubwa ingetoweka njiani kabla ya kufika chunguni. (Ifaa kukumbusha kwamba chumvi ya bahari, kinyume cha imani ya wengi, haina iodini ya kutosha kwa asili yake, yote hutiwa kiwandani.)

Hesabu ya kiwango hicho ni nyepesi. Mtu mzima anahitaji takriban maikrogramu 150 za iodini kwa siku. Akila gramu 10 za chumvi yenye miligramu 100 kwa kilo, hupata maikrogramu 1,000, zaidi ya mara sita ya haja yake. Kadiri mifuko ya plastiki ilivyochukua nafasi ya magunia ya nyuzi, ndivyo upotevu uliotarajiwa ulivyopungua, na kiasi kilichokusudiwa kuwa akiba ya safari kikafika mezani.

Ugonjwa wa ziada

Mwaka 1996 Bourdoux na wenzake, miongoni mwao mtafiti Mkongo Mukalay wa Mukalay, walitangaza katika jarida la Lancet la London kwamba katika Kivu kumetokea ugonjwa wa thairoidi iliyopindukia kazi, uliosababishwa na iodini. Utaratibu wake waeleweka. Tezi iliyonyimwa iodini kwa miaka mingi hujenga ndani yake vinundu vinavyofanya kazi bila kusikiliza amri ya mwili. Maadamu iodini ni haba, vinundu hivyo havina malighafi. Iodini ikija ghafla na kwa wingi, huzalisha homoni bila kikomo: moyo hudunda mbio, mikono hutetemeka, mwili hukonda ijapokuwa mtu anakula, joto humzidia. Kwa mzee mwenye moyo dhaifu jambo hili laweza kuua. Wanaodhurika zaidi ni wale wale waliokuwa na rovu la muda mrefu, yaani watu ambao chumvi hiyo ililetwa kwa ajili yao.

Jarida hilo hilo lilikuwa limepata habari kama hiyo kutoka Zimbabwe mwaka uliotangulia. Ukafanywa uchunguzi katika nchi saba: Kamerun, Kenya, Nigeria, Tanzania, Zaire, Zambia na Zimbabwe. Ripoti yake, iliyochapishwa mwaka 1999 na Delange yule yule wa Idjwi pamoja na wenzake, ilionyesha kwamba ugonjwa ulijitokeza katika nchi mbili tu, Zimbabwe na Kongo, na sababu iliyotajwa ilikuwa chumvi yenye iodini kupita kiasi, iliyoingizwa kwa ghafla na bila uangalizi wa kutosha. Shirika la Afya Duniani lilikuwa tayari, mwaka 1996, limeshusha pendekezo lake hadi miligramu 20 mpaka 40 kwa kilo kiwandani.

Wala jambo lenyewe halikuwa jipya. Coindet, daktari wa Geneva aliyeanza kutumia iodini kutibu rovu mwaka 1820, aliyaona madhara hayo kwa wagonjwa wake mwenyewe. Marekani iliyaona katika miaka ya ishirini, baada ya chumvi ya iodini kuanza kuuzwa Michigan mwaka 1924. Tasmania iliyaona baada ya iodini kutiwa katika mkate mwaka 1966. Kila mara wimbi lilipanda, likakaa miaka kadhaa, likashuka, na faida kwa watoto waliozaliwa baadaye ikabaki kubwa kuliko hasara. Watetezi wa mpango walikuwa na haki kusema hivyo. Lakini Michigan na Tasmania zilikuwa na hospitali za kuuhesabu ugonjwa na kuutibu wakati wimbi likipita. Kivu ya 1996 ilikuwa na wakimbizi wa Rwanda walioingia tangu Julai 1994, na mwezi Oktoba vita vikaufikia mji wa Bukavu. Mgonjwa mwenye moyo unaodunda mbio na mwili unaokonda, katika kijiji kisicho na maabara, aliweza kuhesabiwa kuwa ana kifua kikuu, au malaria, au ukimwi, au kwamba amerogwa.

Kitone cha dawa

Ni vyema kukitazama chombo alichokuwa nacho mkaguzi. Kipimo cha haraka kilichosambazwa katika mpango wa chumvi ni chupa ndogo yenye maji ya wanga. Kitone kimoja hudondoshwa juu ya chumvi. Ikiwa iodini imo, chumvi hugeuka buluu au zambarau. Ni chombo rahisi, hakihitaji umeme, na mwalimu wa shule aweza kukitumia mbele ya wanafunzi. Kwa kugundua chumvi tupu iliyotiwa katika mfuko wenye maneno ya uongo, hakina mpinzani kwa bei yake. Lakini hakitenganishi kwa uhakika chumvi ya miligramu 30 na chumvi ya miligramu 100. Zote mbili hugeuka buluu. Ili kujua kiasi, lazima chumvi ipelekwe maabara ikapimwe kwa kemikali, tone kwa tone, na mtu aliyefunzwa.

Hivyo chombo kilirithi fikra ya sheria ya 1910. Kiliuliza swali moja, kama muuzaji amedanganya au hakudanganya, na chumvi yenye ziada ikajibu kwa rangi nzuri kuliko zote kwamba hakuna udanganyifu. Hata maneno ya kampeni yaliegemea upande huo. “Chumvi yenye madini joto”, kama ilivyoitwa Tanzania na kusomwa kwenye mifuko iliyovuka ziwa, ni maneno yanayotaja kuwapo kwa kitu bila kutaja kadiri yake. “Sel iodé” ya Kifaransa ni vivyo hivyo. Msomaji aliambiwa achague chumvi iliyo nayo dhidi ya isiyo nayo. Hakuna aliyemwambia kwamba jambo hili lina pande mbili.

Katika Shabunda hata maneno hayo hayakufika. Chumvi hununuliwa Bukavu kwa gunia. Gunia ndilo lenye chapa, jina la kiwanda na tarehe. Likifika sokoni hufunguliwa na chumvi ikauzwa kwa vikombe, au kwa vifuko vidogo vya plastiki vilivyofungwa fundo, kila kimoja cha kutosha mapishi ya siku chache. Lebo hubaki na mwenye duka, na gunia tupu hupata kazi nyingine. Kifuko cha fundo hakimdanganyi mtu, kwa kuwa hakina neno juu yake. Sheria ya lebo haina cha kukishika. Na fundo hilo si uzembe wa wachuuzi, bali ni kipimo cha fedha aliyo nayo mnunuzi. Wakati wa vita vya 1998 hadi 2003, mji ulipokuwa mikononi mwa RCD na msitu unaouzunguka mikononi mwa Mai-Mai, hata kifuko hicho kilikuwa tukio. Walioishi mafichoni msituni walirudia majivu ya mimea, chumvi isiyo na iodini kabisa.

Jambo hili halijaandikwa vya kutosha katika historia ya mpango wa iodini. Mwili wa mlaji wa mwisho wa njia haukupata kiwango kilichoandikwa Geneva au Nairobi, bali mfululizo wa vipindi: miaka ya ukosefu, kisha gunia lenye ziada, kisha njia kufungwa, kisha gunia jingine la asili nyingine. Kwa tezi iliyokwishaota vinundu, kupanda na kushuka huko ndiko kwenye hatari.

Marekebisho yalifanyika. Kenya ilishusha kiwango chake, na nchi za Afrika Mashariki zikavutwa polepole kuelekea kipimo kimoja cha miligramu 30 hadi 60 kwa kilo. Kongo, kwa jumla, ilifanikiwa kulipunguza rovu kuliko nchi nyingi zenye amani, na watafiti waliliandika hilo kwa mshangao wa haki: mafanikio hayo yalikuja katika miaka ambayo dola yenyewe ilikuwa imevunjika, yakiletwa na wafanyabiashara waliovuka mipaka na chumvi ambayo viwanda vya ng’ambo vilikuwa vimekwisha kuitia iodini. Dola ilitoa sheria na kitone. Viwanda vya nchi jirani viliamua kipimo. Amri namba 09/42 ya tarehe 3 Desemba 2009 iliipa OCC hadhi mpya ya taasisi ya umma, lakini mpaka kati ya kinachoonekana na kisichoonekana ulibaki pale pale penye lori na hati.

Tarehe 14 Februari 2025 waasi wa M23 waliuteka uwanja wa Kavumu, na siku mbili baadaye mji wa Bukavu ukawa mikononi mwao. Njia ya anga iliyokuwa ikipeleka chumvi Shabunda ilikatika katika juma lile lile ambalo ofisi iliyopaswa kuikagua chumvi hiyo ilitoka katika mamlaka ya Kinshasa.